Skramu, Kanbani au Maporomoko: Timu Ndogo ya Programu Mtwara na Lindi Ichague Ipi?

Kama mko watu watatu au wanne, mmepanga chumba Mtwara mjini au Lindi, na mmepata kazi ya kuunda mfumo wa chama cha msingi cha ushirika, duka la dawa au shule, swali la namna ya kuendesha kazi hiyo hamtalikwepa. Mteja mmoja anataka bei na tarehe ya kukabidhiwa kabla hajaona chochote. Mwingine anapiga simu kila asubuhi akiwa na jambo jipya. Chuoni mlisikia kwamba siku hizi timu zote zinafanya ajaili, yaani kuunda programu kidogo kidogo huku mkimsikiliza mteja, lakini pengine hakuna aliyewaeleza ni mtindo upi ndani ya ajaili na unafaa mazingira gani.

Jibu langu nalitoa mapema, kwa faida ya msomaji mwenye haraka. Kwa kazi nyingi za mikoa hii miwili, kalenda ya mazao ndiyo inayoamua. Miezi ambayo AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, hazipokei mazao, jengeni kwa skramu, kwa vipindi vifupi vyenye lengo. Mzigo ukianza kuingia ghalani, hamieni kanbani, ubao wenye kikomo cha kazi zinazofanyika, mpaka mnada wa mwisho upite na wakulima walipwe. Maporomoko, yaani kupanga yote mwanzoni na kwenda hatua kwa hatua, yabaki kwa zile sehemu ambazo sheria au taasisi nyingine imekwisha kuzipanga na ninyi hamna la kubadilisha.

Ajaili imetoka wapi, na kwa nini inatuhusu

Februari 2001, wataalamu 17 wa programu walikutana Snowbird, milimani katika jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi lenye maadili manne, likafuatana na kanuni 12. Walisema wanathamini watu na mawasiliano yao kuliko taratibu na zana. Programu inayofanya kazi kuliko nyaraka tele. Kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba. Na kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Hawakuzitupa nyaraka, mikataba wala mipango. Waliandika wazi kwamba vitu hivyo vina thamani, ila vile vya upande wa kwanza vina thamani zaidi. Maelezo hayo husahaulika, ndiyo maana unakuta timu haina hata ukurasa mmoja wa makubaliano na mteja na bado inajiita ya ajaili.

Baadhi ya waliokuwa pale walikuja na mitindo yao tayari: Ken Schwaber na Jeff Sutherland na skramu, Kent Beck na ule unaoitwa XP (Extreme Programming). Kanbani iliingia kwenye programu baadaye kidogo, kwa njia nyingine, na nitaifikia.

Anayefanya kazi na ushirika wa kusini hahitaji kushawishiwa sana kuhusu kuitikia mabadiliko. Msimu wa korosho wa 2018 ulianza kwa minada ya kawaida chini ya stakabadhi ghalani, utaratibu ambao kwa korosho ulianzia Mtwara mwaka 2007. Wakulima wakakataa bei za wanunuzi, na Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya usombaji. Mnunuzi, bei, njia ya malipo, uhakiki wa wakulima: vyote vikageuka katikati ya msimu. Kisha msimu wa 2024 minada ikahamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Programu ya AMCOS iliyojengwa kwa kudhani kwamba wanunuzi ni kampuni binafsi tu na bei hutoka kwenye sanduku la zabuni ingekwama mara zote mbili. Kwa hiyo mtindo wowote mtakaouchagua, uulizeni kwanza swali hili: tangazo la namna ile likitoka leo jioni, kazi yetu itageuka kwa siku ngapi?

Maporomoko: mahali pake ni padogo, lakini papo

Katika maporomoko mnakusanya mahitaji yote, mnasanifu, mnaandika msimbo (maelekezo ambayo kompyuta huyafuata), mnajaribu, mnakabidhi. Hatua moja haianzi kabla iliyotangulia haijakamilika. Mhandisi Winston Royce aliuchora mpangilio huo katika andiko lake la 1970, na humo humo akaonya kwamba kuyaacha majaribio mpaka mwisho ni hatari na hukaribisha kushindwa. Onyo lina umri sawa na mchoro.

Hata hivyo zipo kazi ambazo hazihitaji kugunduliwa kwa kujaribu na mteja. Mfumo wa duka ukitakiwa kutoa risiti za EFD, mashine za kielektroniki za risiti za kodi, masharti ya TRA yamekwisha kuandikwa. Yasomeni, yapangeni, yatekelezeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo ni hivyo hivyo. Taarifa gani za mkulima mtakusanya, kwa sababu gani, nani ataiona namba yake ya akaunti: hayo yaamuliwe kabla ya kumwandikisha mkulima wa kwanza. Halmashauri au taasisi nyingine ya umma ikitangaza zabuni kupitia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, itataka upeo wa kazi, bei na muda vikiwa kwenye karatasi. Ipeni karatasi hiyo, na ndani ya mkataba endesheni kazi kwa vipindi vifupi.

Madhara huanza pale maporomoko yanapotumika kwa mteja asiyeweza kujua anachotaka mpaka akione. Muulize katibu wa AMCOS mwezi Machi, atakwambia anataka mfumo wa kupokea mzigo wenye taarifa zote za mkulima, kijiji, shamba, idadi ya mikorosho. Rudi Oktoba ukamkute karani wake mizanini, umeme umekatika, watu wamepanga foleni na magunia yao hadi nje. Anachohitaji saa hiyo ni kuandika namba ya mkulima na kilo, basi, na karatasi itoke. Yale mengine yangesubiri jioni. Hilo huwezi kulipata kwenye kikao cha Machi, hata mkae siku nzima.

Skramu: nguvu yake ni ahadi ya muda mfupi

Skramu hugawa kazi katika vipindi vya urefu ule ule, visivyozidi mwezi mmoja, vinavyoitwa sprinti. Kila sprinti ina lengo lake na inaisha na kitu kinachofanya kazi. Mwongozo wake wa 2020 unataja majukumu matatu: mwenye bidhaa (anayeamua kipi kitangulie), skramu masta (anayehakikisha utaratibu unafuatwa) na watengenezaji, na timu nzima kwa kawaida isizidi watu 10. Vikao ni vinne: kupanga mwanzoni, kikao cha kila siku cha dakika 15, maonyesho kwa mteja mwishoni, kisha kikao cha timu kujitathmini. Kwa sprinti ya mwezi, kupanga kusizidi saa nane; sprinti ikiwa fupi, muda nao unapungua.

Kwa timu inayofanya kazi na vyama vya vijijini ningeanza na wiki mbili. Wiki moja ni fupi mno ikiwa maonyesho yanataka mtu apande basi kwenda Newala au Liwale. Mwezi mzima ni mrefu mno kwa mteja ambaye hajawahi kuwaona mkimaliza kitu. Ataanza kuuliza fedha yake imekwenda wapi, na ana haki.

Kinachoniridhisha zaidi katika skramu ni lengo la sprinti, na hapo ndipo timu nyingi changa huteleza. Zinaandika "kutengeneza hifadhidata" au "kumaliza kurasa za usajili". Malengo hayo hayana maana kwa mteja. Lengo la kwanza la mfumo wa AMCOS lingeweza kuwa hivi: karani anapokea mzigo wa mkulima mmoja, anampa stakabadhi, na katibu anauona mzigo huo kwenye simu yake. Hifadhidata itakuwemo, usajili utakuwemo, lakini kidogo tu, kiasi cha kulifikisha jambo hilo moja kutoka mizanini hadi kwa katibu. Sprinti ya pili iingize makato. Ya tatu ilete bei ya mnada na orodha ya malipo ya benki. Fedha ikiisha baada ya ya pili, chama kimebaki na kitu cha kutumia. Kwa njia ya maporomoko, fedha ikiisha hapo hapo, chama kinabaki na michoro.

Tatizo kubwa la skramu kwetu ni mwenye bidhaa. Skramu inataka mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema hili litangulie, lile lisubiri. AMCOS ni mali ya wanachama: ina mkutano mkuu, ina bodi, ina mwenyekiti, ina katibu na mhasibu, na kila mmoja anaweza kuwapigia simu. Watano hao wakiwaagiza kwa zamu, sprinti haitakamilika kamwe. Ombeni jina moja kwa maandishi kabla ya kuanza, na bodi iridhie. Mara nyingi mhasibu anafaa kuliko mwenyekiti, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa na hesabu usiku malipo yakichelewa. Heshima ya mwenyekiti mtailinda kwa kumwalika kwenye kila kikao cha maonyesho na kumpa nafasi ya kuzungumza wa kwanza. Chama kisipoweza kutoa jina moja, msianze skramu. Mtakuwa mnafuata vikao vyake bila kupata faida yake.

Skramu masta kwenye timu ya watu wanne si mwajiriwa wa tano. Mmoja wenu achukue jukumu hilo, mradi asiwe pia ndiye anayesema kwa niaba ya mteja. Na kikao cha kila siku, kama mnakaa meza moja, hakina haja ya kutimiza dakika 15. Semeni kilichokwama, mwendelee.

Maonyesho yafanyike ghalani au ofisini kwa mteja, kwa simu na mashine atakazotumia yeye. Mfumo unaong'aa kwenye kompyuta yenu Shangani, Mtwara mjini, unaweza usisomeke kabisa kwenye simu ya karani juani.

Kanbani: nguvu yake ni kikomo

Kadi za kanbani zilianzia Japani, katika viwanda vya Toyota, kazi ya Taiichi Ohno baada ya Vita vya Pili vya Dunia: kituo cha mbele kilimtumia kadi wa nyuma yake kumwambia sasa nahitaji vipuri vingine, na pasipo kadi hakuna aliyezalisha. Katikati ya miaka ya 2000 David J. Anderson aliichukua fikra hiyo akaipeleka kwenye timu za programu. Hakuna sprinti. Hakuna majukumu mapya ya lazima. Mnaanza na kazi kama mnavyoifanya leo, mnaichora ubaoni: zinazosubiri, zinazofanyika, zinazojaribiwa, zilizokwisha. Kisha juu ya kila safu mnaandika idadi isiyozidiwa.

Idadi hiyo ndiyo kanbani yenyewe. Timu nyingi hubandika vikaratasi ukutani, zikaishia hapo. Safu ya "zinafanyika" ina kumi na tano, na kila mtu ana shughuli nyingi, na hakuna kinachokwisha. Hesabu yake ni nyepesi, na anayeijua foleni ya mizani anaijua tayari. Mizani ikimaliza wakulima kumi kwa saa na waliopanga ni arobaini, anayefika sasa atasubiri saa nne, hata karani awe na bidii kiasi gani. John Little aliithibitisha kanuni hiyo kihisabati mwaka 1961, na inashika kwenye kazi za programu vile vile. Timu yenye kazi 12 mkononi, ikimaliza tatu kwa wiki, kila kazi kwa wastani itachukua wiki nne. Punguzeni zilizo mkononi ziwe sita bila kuongeza mtu wala saa za kazi, wastani unashuka hadi wiki mbili. Mteja anayepiga simu kuuliza atajibiwa mapema zaidi kwa sababu tu mlikataa kuanza mambo mengi kwa pamoja.

Msimu ukianza, mtindo huu unashinda bila ubishi. Printa ya ghala inagoma, jina la mkulima halifanani na la kwenye akaunti ya benki, chama kikuu kinataka ripoti kwa mpangilio mwingine. Huwezi kumwambia katibu kwamba suala lake litaingia sprinti ijayo wakati wakulima wamekaa nje ya ofisi yake. Kanbani inaruhusu kazi mpya kuingia leo, ila iingie mahali palipo wazi.

Ongezeni njia moja ya dharura ubaoni, yenye nafasi ya kadi moja tu, na kubalianeni na mteja mwezi Septemba, watu wakiwa bado wametulia, ni nini kinachostahili kuitumia. Mkulima hawezi kulipwa: inapita. Kilo zimeandikwa vibaya: inapita. Mwenyekiti hapendi rangi ya kitufe: inasubiri. Yaandikeni hayo, kila upande ubaki na nakala, kwa sababu Novemba kila jambo litaitwa dharura.

Jingine ambalo wengi hulipuuza ni tarehe. Andikeni kwenye kila kadi siku mliyoianza na siku mliyoimaliza. Baada ya wiki kadhaa mtaweza kumwambia mteja kwamba marekebisho ya ripoti kwa kawaida huchukua siku kadha wa kadha, mkiwa na ushahidi. Hilo lina nguvu kuliko makadirio yoyote ya mezani.

Udhaifu wa kanbani ni huu: haiwasukumi kwenye jambo kubwa. Timu ikiitumia Februari hadi Mei, miezi ya utulivu, inaweza kufanya marekebisho madogo ya wenye sauti kubwa siku zote hizo, na sehemu ya malipo isianzwe. Juni ikifika, muda umekwisha. Kwa sababu hiyo sipendekezi mtindo mmoja kwa mwaka mzima.

Vikiwekwa pamoja

| | Maporomoko | Skramu | Kanbani |
|---|---|---|---|
| Badiliko likija leo | Linafungua mkataba upya | Linasubiri sprinti ijayo | Linaingia nafasi ikipatikana |
| Mteja anatakiwa lini | Mwanzoni na mwishoni | Kila mwisho wa sprinti, na katikati akihitajika | Kidogo kidogo, wakati wote |
| Hatari kubwa | Kukabidhi kisichohitajika | Kukosa mwenye bidhaa mmoja | Jambo kubwa kutoanzwa |
| Miezi yake kwa AMCOS | Popote sheria ilipoamua | Kabla ya msimu | Ndani ya msimu |

Mstari wa mwisho wa jedwali usichukuliwe kijuujuu. Misimu haifanani. AMCOS nyingi za Lindi hushughulika na ufuta katikati ya mwaka, mbaazi zinafuata, kisha korosho kuanzia Oktoba. Kwa chama kama hicho dirisha la kujenga ni takribani Februari hadi Mei, basi. Chama cha Tandahimba kinachotegemea korosho zaidi kina nafasi pana, ingawa ugawaji wa salfa na viuatilifu vingine nao huleta pilika zake. Mwombeni mteja awaandikie kalenda yake ya mwaka kabla hamjapanga lolote. Mkiwa na wateja watatu wa mazao tofauti, huenda mkalazimika kuwa na ubao wa kanbani kwa mmoja na sprinti kwa mwingine ndani ya mwezi ule ule. Mgawane watu, msijaribu wote kufanya vyote.

Mtindo wowote, haya ya XP msiyaache

Skramu na kanbani hazisemi chochote kuhusu namna ya kuandika msimbo. XP, aliyoiandaa Kent Beck alipokuwa kwenye mradi wa mishahara wa Chrysler miaka ya 1990, inasema mengi. Kwa timu ndogo nayashikilia matatu.

La kwanza ni majaribio yanayojiendesha, hasa kwenye fedha. Tuseme mkulima ameleta kilo 640, bei ya mnada ni shilingi 3,000, na makato yote kwa kilo ni shilingi 200. Anatakiwa kupata shilingi 1,792,000. Andikeni jaribio hilo kwanza, pamoja na la mkulima aliyeleta mzigo mara mbili kwenye minada tofauti, na la mwenye deni la pembejeo, kisha ndipo muandike msimbo wa kuyapitisha. Kila badiliko litakalofanywa baadaye, kompyuta itayarudia yote ndani ya sekunde chache. Makato hubadilika kutoka msimu hadi msimu. Pasipo majaribio hayo, kila badiliko ni kubahatisha na jasho la mkulima.

La pili ni kuandika msimbo wawili wawili, kwenye kompyuta moja. Wapo wanaoona ni kupoteza mtu mmoja. Mimi naliona kama njia ya timu kuendelea kuwapo: kijana mzuri akipata kazi Dar es Salaam huondoka, na akiondoka peke yake na ujuzi wote wa sehemu ya malipo, mteja wenu ameachwa njiani. Si lazima iwe kutwa. Sehemu za fedha na usalama zikiandikwa na wawili, inatosha.

La tatu ni matoleo madogo madogo, na kuunganisha kazi za wote kila siku badala ya kila mtu kukaa na lake wiki nzima. Kwa huku ningeongeza sharti moja: hakuna toleo jipya siku ya mnada wala siku ya malipo.

Barabara, umeme na intaneti

Vitabu vingi vya ajaili vimeandikwa kwa watu ambao intaneti haikatiki. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mvua zilikata barabara ya kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga, Kilwa, na siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini zilikatika, intaneti ikasuasua nchi nzima. Timu iliyoweka ubao wake, orodha zake na mazungumzo yake yote mtandaoni ilikuwa haina pa kusoma kazi ya siku.

Ubao wa ukutani, kwa hiyo, uwe ndio ubao wenyewe, na picha yake itumwe kwenye kundi la WhatsApp kila jioni kwa walio mbali. Msimbo uhifadhiwe kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ambayo inaruhusu kila mtu kuendelea kuweka kumbukumbu za kazi kwenye kompyuta yake bila mtandao na kuziunganisha baadaye. Na safari ya maonyesho ikishindikana, rekodini skrini dakika tano, mtumieni mwenye bidhaa, kisha mpigieni simu akiwa ameshaitazama. Ni hafifu kuliko kukaa naye, lakini sprinti haipiti bila yeye kuona.

Suala hili linaigusa pia programu mnayoijenga. Sehemu ya mizani ifanye kazi bila intaneti, ihifadhi, itume baadaye. Hilo liingie kwenye lengo la sprinti ya kwanza kabisa, kwa kuwa kuliongeza mwishoni ni karibu sawa na kuandika upya.

Bei na mkataba

Mteja wa ushirika ana bajeti iliyopitishwa na wanachama, hawezi kusaini karatasi isiyo na kiasi. Wekeni kiasi na tarehe. Kinachoachwa wazi kiwe upeo. Orodhesheni kazi kwa umuhimu, kubwa na ndogo, na muandike sharti moja: kitu kipya kikiingia, kingine cha ukubwa huo kinatoka, na mwenye bidhaa ndiye anayechagua kipi. Malipo yafuate maonyesho, sprinti kwa sprinti. Kwa miezi ya kanbani kubalianeni malipo ya mwezi ya uangalizi, yenye kikomo cha kadi zinazofanyika kwa wakati mmoja. Wateja huelewa kikomo hicho haraka kuliko wanavyoelewa saa za kazi.

Kwa walio nje ya ushirika

Duka la dawa Lindi mjini ambalo lina mfumo tayari na linataka marekebisho: kanbani tangu siku ya kwanza, na EFD ishughulikiwe kama mradi mdogo wa maporomoko pembeni. Shule inayotaka mfumo wa ada na matokeo: skramu, sprinti mbili au tatu zikilenga kukamilika wanafunzi wakiwa likizo, mhasibu na mwalimu wa taaluma wakubaliane nani kati yao ndiye mwenye bidhaa. Nyumba ya wageni Mikindani isiyo na hakika kama inahitaji mfumo wa kuhifadhi nafasi: sprinti moja ya kulipiwa, kisha waamue. Asasi yenye mfadhili na mpango kazi wa mwaka uliosainiwa: ripoti zao zifuate mpango huo, kazi yenu ya ndani iende kwa sprinti. Na kama uko peke yako, skramu haikuhusu. Weka ubao, andika mbili juu ya safu ya "zinafanyika", uiheshimu.

Mnaohama kutoka skramu kwenda kanbani, fanyeni hivyo wiki mbili kabla mzigo wa kwanza haujafika ghalani, mkiwa bado mnaweza kurekebisha vikomo. Anzeni na kikomo cha kadi moja kwa kila mtengenezaji na moja ya ziada kwa timu. Kadi zikianza kujazana kwenye safu ya majaribio, msiongeze kikomo. Mmoja aache kuandika msimbo, akasaidie kujaribu.